Naomba ushauri: kuzunguka dunia peke yangu, Ulaya imenikwamisha

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nipo Mbeya, nauza viazi Uyole. Nimedunduliza milioni 14, nataka kuzunguka dunia peke yangu miezi saba, begi moja mgongoni. Mwanzo haunisumbui: treni ya TAZARA au basi la Tunduma, nishuke taratibu hadi Cape Town, maana Zambia, Botswana na Afrika Kusini hatuombi viza. Kisha Asia, nimalizie Ulaya.

Hapo Ulaya ndipo nimekwama. Viza ya Schengen (ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya) haiombwi mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida unaiombea nchi unakoishi. Mimi wakati huo nitakuwa Asia! Nilienda kwa wakala mmoja mjini, akataka laki tatu kabla hata hajafungua pasipoti yangu. Nikaaga. Njia nimeichora kwenye daftari la madeni ya wateja, nimefuta mpaka karatasi imetoboka.

Je, nigeuze njia nianzie Ulaya, au niiache kabisa? Na aliyewahi kusafiri kwa kubana matumizi, kula na kulala ulitenga shilingi ngapi kwa siku?

(Mama anajua naenda Lusaka tu. Tafadhali.)