Naomba ushauri: tuendelee na azasitidini ilhali damu ya Baba imeshuka?

Mwana wa Arua:
Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Baba yetu amepita miaka 70 na ana mielodisplasia, yaani ugonjwa wa uboho ambao chembe za damu hazikomai ipasavyo na ambao huweza kugeuka kuwa lukemia, yaani saratani ya damu. Anatibiwa Kampala kwa sindano za azasitidini, siku 7 katika kila mzunguko wa siku 28. Daktari alitueleza kwamba dawa hiyo hufuta alama za kikemia zilizofunga baadhi ya jeni. Baada ya mzunguko wa pili, chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu zimekuwa chache kuliko kabla ya tiba, na kaka yetu mkubwa anataka tumrudishe nyumbani atumie mitishamba. Dada naye anahofu kwamba dawa inayogusa jeni itawadhuru wajukuu. Tufanyeje?

Mfamasia Mstaafu:
Pole kwa kuuguza. Alama alizozitaja daktari ni za methili, ambazo hubandikwa juu ya DNA bila kubadili maandishi yake. Katika saratani nyingi za damu, alama hizo hurundikana mahali pasipofaa na kuzima jeni ambazo kazi yake ni kukomaza chembe au kuzizuia zisizaane ovyo. Azasitidini hufanana na kijenzi kimojawapo cha DNA, kwa hiyo chembe inayojigawa huipokea bila kuitambua, na kimeng'enya kinachonakili alama hizo hunasa pale pale kisha huvunjwa. DNA mpya hutoka ikiwa na alama chache, na zinazidi kupungua kila chembe inapojigawa.

Ndiyo maana matokeo hayaji haraka. Kwa kawaida mgonjwa hupewa mizunguko 4 hadi 6 kabla ya kuamua kwamba dawa imeshindwa, na damu kushuka katika mizunguko ya mwanzo ni jambo linalotarajiwa, ingawa linahitaji uangalizi. Tiba ikikatizwa, alama hurudi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wagonjwa wenye hali ya hatari zaidi, muda wa wastani wa kuishi ulikuwa miezi 24.5 kwa waliopewa azasitidini na miezi 15 kwa waliopewa tiba nyingine za wakati huo. Si uponyaji, na ni vizuri kaka yenu aambiwe hivyo waziwazi.

Kuhusu wajukuu waliokwisha kuzaliwa, dada aondoe hofu. Tahadhari ni kwa mwanamume anayeweza bado kuzalisha: atumie kinga wakati wa tiba na kwa miezi 3 baada ya kumaliza.

Hajati wa Bombo:
Mwanangu, mimi nilimuuguza mume wangu kwa dawa hiyo hiyo, na nitasema moja tu. Hapa kwetu mtu akipata homa tunakimbilia dawa ya malaria na kusubiri kesho. Kwa baba yako msifanye hivyo. Chembe nyeupe zikiwa chache, joto la nyuzi 38 ni dharura; apelekwe hospitali usiku huo huo, apimwe malaria na maambukizi mengine huko huko. Arua ni mbali na Kampala, kwa hiyo ulizeni mapema ni hospitali gani ya karibu itakayompokea, na kama ina damu ya kuongezewa. Mitishamba mnayompa, ikiwa ipo, mtajieni daktari bila aibu.

Mwana wa Arua:
Asante, Mama Hajati, na asante, Mzee Mfamasia. Je, tukisubiri hadi mzunguko wa sita tukakuta tumepoteza muda?

Mfamasia Mstaafu:
Kusubiri hakumaanishi kufumba macho. Mwombeni daktari awaeleze kiasi cha chembe changa za saratani kabla ya tiba na sasa. Zikiongezeka waziwazi, hakuna sababu ya kung'ang'ania hadi wa sita. Zikiwa zimetulia au zimepungua huku damu ikiwa chini, mara nyingi daktari huahirisha mzunguko unaofuata au hupunguza kipimo cha dawa, na kaka yenu awepo siku hiyo aulize mwenyewe.