Kupima ugumu wa chuma: Rockwell ya mezani, Leeb ya mkononi au UCI?

FundiWaShimanzi
Asalaam aleikum wakuu. Karakana yetu iko hapa Shimanzi, twachonga shafti, pini na gia, na kazi nyingi zatoka bandarini. Siku hizi mteja hapokei mzigo bila karatasi yenye namba ya ugumu. Pesa iliyopo yatosha kifaa kimoja tu. Nichukue Rockwell ya mezani, Leeb ya mkononi, au UCI ya mawimbi ya sauti?

MkaguziKilindini
Waaleikum salaam kaka. Kabla ya bei, tuambie vipande vyako vina uzito gani. Leeb, iliyotoka miaka ya 1970, hurusha kidude chenye kijipira cha milimita 3, kisha hulinganisha kasi ya kurudi na kasi ya kugonga. Kwa gurudumu la kreni hakuna cha kuishinda: unaifuata kazi ilipo, na namba unaipata papo hapo. Tabu ni vipande vyepesi. Vinatikisika, mtikisiko unakula nguvu ya pigo, na namba inashuka ilhali chuma ni kizima. Kwa Leeb ya aina D, kilo 5 kwenda juu hakuna wasiwasi. Kilo 2 hadi 5 kiegemeze kwenye kitu kizito. Chini ya hapo kigandishe kwa grisi ya kupimia juu ya bamba nene. Pini za kidole usijaribu.

BintiChangamwe
Mimi napima gia kila siku, nasimama na Rockwell. Kwa HRC, yaani Rockwell kipimo C cha vyuma vigumu, koni ya almasi ya digrii 120 hukalishwa kwanza kwa kilo 10, halafu mzigo unafika kilo 150. Mashine yasoma kina chenyewe, huhitaji hadubini. Ila gia iliyotiwa ngozi ngumu ya kaboni, ngozi ikiwa nyembamba, usiipige kilo 150: almasi itahisi chuma laini cha ndani, na namba itatoka chini kuliko ugumu wa ngozi ulivyo. Shuka HRA, yaani Rockwell kipimo A, kilo 60, au Rockwell ya mizigo midogo. Na shafti uikalishe kwenye kitako cha V. Kwenye mgongo wa duara namba hutoka chini kidogo, kwa hiyo shika jedwali la kuongezea.

WeldaMtongwe
UCI msiisahau. Ni fimbo inayotetema, nchani ina almasi ya Vickers, kijipiramidi kidogo. Ikigusa chuma mtetemo hubadilika, na badiliko hilo ndilo kipimo. Alama yake ni ndogo mno, kwa hiyo mimi naitumia pembeni mwa weldi, pale moto ulipopita, ambapo chuma hugeuka kigumu na kupasuka. Lakini ukitoka kwenye chuma kwenda propela ya shaba, lazima uisawazishe upya. Chuma cha kalibu usikipime nayo, chembe zake ni kubwa. Hapo Brinell ndiyo mwenyewe, kijipira cha milimita 10 na kilo 3,000.

MkaguziKilindini
Na uso wa kazi jamani! Hapa kwetu pwani kila kitu kina kutu na rangi juu. Safisha eneo la ukubwa wa sarafu mpaka ling'ae, kwa msasa laini, polepole. Ukibana grainda mpaka chuma kikatoka rangi ya samawati, ngozi imeshaungua, na namba utakayosoma ni ya ule muunguo. Jambo jingine: ukipima kwa Leeb, andika HLD, yaani namba ya Leeb ya aina D, kwenye karatasi. Kugeuza kuwa HRC ni makadirio ya jedwali, na steinlesi ina jedwali lake mbali.

MamaFenda
Samahanini, na raba za fenda, zile kinga za gati na meli, je?

BintiChangamwe
Hizo ni Shore A, dada. Kifaa cha mkononi, bei nafuu, wala hakihusiani na hivi vya chuma.

FundiWaShimanzi
Shukran sana. Vipande vyangu vingi havifiki kilo 2, magurudumu huja mara mojamoja. Naona ni Rockwell, na Leeb nitakodi.

BintiChangamwe
Sawa kabisa. Mwambie muuzaji alete bloku mbili zenye cheti, yaani vipande vya chuma ambavyo ugumu wake unajulikana, moja karibu na HRC 30, nyingine karibu na 60. Zipige mbele yake kabla hujatoa pesa. Alama ya pigo moja na nyingine ziachane angalau mara tatu ya upana wake.