Naomba ushauri: soketi ya trela inajaa tope

Wakuu, salaam. Nina Prado, navuta trela dogo la mizinga ya nyuki kwenda Sikonge. Soketi ya pini 7, ile ya kupeleka umeme wa taa kwenye trela, imefungwa chini kabisa ya bampa, na masika haya imejaa tope. Nilipofungua kifuniko, pini namba 3, ile ya waya mweupe wa athi (unaorudisha umeme wa taa zote kwenye gari), imeota kutu ya kijani. Nikiwasha indiketa, taa zote za trela zinafifia na kumeta pamoja. Nimesugua kwa msasa, siku mbili tu hali ileile.

Nataka kuihamishia juu ya bampa, ila sijajua waya za kiwandani zinapopita, na sitaki kukata ovyo. Mliowahi kuhamisha, mlipitishia wapi? Na grisi kwenye pini inasaidia, au kiangazi inakusanya vumbi? Natembea usiku, malori yako nyuma yangu. Taa za breki zikizima ni hatari kubwa.