MJADALA: Msanii wa kibao kimoja, tumlaumu yeye au redio?

Mleta mada:
Wakuu, kuna kauli imezoeleka kwamba msanii akitamba na wimbo mmoja kisha akapotea, basi hakuwa na kipaji, alibahatisha tu. Naipinga. Naanzia Marekani ya miaka ya 1950, maana huko ndiko wasanii wa aina hiyo walikoanza kuzalishwa kwa wingi.

Mwanzoni mwa miaka hiyo Todd Storz, aliyekuwa na kituo cha redio cha KOWH huko Omaha, jimbo la Nebraska, alianza kurudia nyimbo chache zinazouzwa zaidi, kutwa nzima. Vituo vingine vikaiga, ikawa Top 40, yaani redio kupiga zile 40 zinazotamba tu. Orodha ikiwa fupi hivyo, wimbo mpya hauingii mpaka mwingine utolewe. Na waliokaa mlangoni walikuwa watangazaji, ambao baadhi yao walilishwa mlungula na kampuni za santuri. Alan Freed, mtangazaji aliyelieneza jina la rock and roll, alitimuliwa redio ya WABC ya New York Novemba 1959, na 1962 akakiri mashtaka ya hongo.

Sasa watazameni The Penguins, kundi la vijana Weusi wa Los Angeles. "Earth Angel" waliirekodi gereji mwaka 1954, ikawekwa upande wa pili wa santuri. Watangazaji wakaigeuza, ikashika moto. Lebo yao, Dootone, ilikuwa ndogo. Papo hapo The Crew-Cuts, Wazungu kutoka Kanada waliokuwa chini ya lebo kubwa ya Mercury, wakaurudia wimbo uleule na toleo lao likapanda juu zaidi kwenye chati za pop. Walikuwa wameshawafanyia hivyo The Chords, kundi jingine la Weusi, kwa "Sh-Boom". Tena kwa lebo ndogo kibao kikubwa kiliweza kuwa balaa: kiwanda kinadai pesa ya kuchapa santuri leo, msambazaji analipa akijisikia. Kosa la kipaji liko wapi hapo?

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, umesimulia nusu. Meneja wa Penguins, Buck Ram, aliwahamishia Mercury mwaka 1955, na akaibana lebo iwachukue pia The Platters, kundi lake jingine. Mercury iliwataka Penguins, Platters waliingia kama nyongeza. Meneja mmoja, lebo moja, redio zilezile. Platters wakatoka na "Only You", wakafuata na "The Great Pretender", dunia ikawajua. Penguins kimya. Kama mchawi ni redio, mbona Platters haikuwaroga?

Mleta mada:
Na mtunzi wa hizo mbili ni nani? Buck Ram huyohuyo! Nyimbo kali alizipeleka alikotaka zifike. Sijasema redio ilifanya peke yake. Nasema kabla wimbo haujamfikia msikilizaji ulikuwa umeshapita mikononi mwa meneja, lebo, msambazaji na mtangazaji, na yeyote kati yao angeweza kuuzima. Halafu lawama zote anabebeshwa aliyeimba.

Mchangiaji wa 2:
Mnabishana vizuri, ila wote mnapima kwa rula ya Wamarekani. Kwa rula hiyo Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, naye ni msanii wa kibao kimoja: "Grazing in the Grass" ilishika namba moja kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, Julai 1968, na hakurudi tena kwenye 40 bora. Miriam Makeba ana "Pata Pata" ya 1967, basi. Makeba huyu, aliyeimba "Malaika" kwenye albamu yake na Harry Belafonte iliyotwaa Grammy! Kyu Sakamoto aliongoza chati hiyohiyo wiki 3 mwaka 1963 kwa wimbo wa Kijapani, "Sukiyaki", na kwao Japani alikuwa nyota mkubwa kabla na baada ya hapo. Mnaposema fulani kapotea, semeni kapotea kwa nani.

Mchangiaji wa 1:
Kwa Masekela na Makeba umenipata. Lakini Zager and Evans, waimbaji wawili, ni Wamarekani, kutoka Nebraska hukohuko kwa Storz. "In the Year 2525" ilikaa namba moja wiki 6 mwaka 1969, na hawakuingia tena Hot 100. Redio iliwapa nafasi ya kutosha. Hao nao mleta mada atawatetea kwa lipi?