Naomba ushauri: bega na goti vinachomoka hovyo, nawezaje kuendelea na kazi za kila siku?

Kanga Mbili (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mama wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Tanga, na tangu utotoni viungo vyangu vimelegea kupita kiasi. Bega la kulia huchomoka ninapojinyoosha kuanua nguo kambani au ninapoulalia mkono usiku bila kujua, pia ya goti la kushoto huhama ninapoinuka baada ya kuchuchumaa, na dole gumba hunitoka nikisonga ugali wa watu wengi. Bega hulirudisha mwenyewe kwa kuinama na kuuachia mkono uning'inie taratibu mpaka liingie. Hospitali niliyokwenda walinipiga picha, wakasema mifupa ni mizima, wakanipa dawa za maumivu. Mwili wangu una mambo yake, kwani hata ganzi ya daktari wa meno hainishiki.

Naomba kujua wenye hali kama yangu wanalalaje, wanapandaje daladala na wanapigaje deki. Zaidi ya hayo, je, kuna mkanda wa kubana bega usioonekana chini ya nguo, nami naweza kuupata wapi kabla ya mwisho wa mwezi huu?

Mama Kijukuu

Pole sana mwanangu. Baba watoto wangu, Mungu amrehemu, alianguka mnazini akatenguka bega, akapelekwa kwa mzee mmoja wa Pangani aliyemkanda kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu, na baada ya hapo alikwea minazi mpaka uzee ulipomshusha. Wewe unaosha vyombo kwa maji ya baridi alfajiri, sivyo? Vijana wa siku hizi hamsikii mkiambiwa baridi inaingia mifupani.

Fundi wa Pongwe

Dada, mimi ni seremala na bega langu la kushoto lilichomoka nilipokuwa ninashusha mbao, kwa hiyo la daladala ninaweza kukujibu. Usishike bomba la juu hata siku moja, maana dereva akikanyaga breki mwili wote unabaki umening'inia kwenye kiungo kimoja kilichonyanyuliwa. Shika mgongo wa kiti, kiwiko kikiwa karibu na mbavu, na kama gari limejaa, ngoja linalofuata. Mimi nilikaa miezi bila kushika randa, na wateja wangu wakahamia kwa jirani ambaye mpaka leo makabati yake hayafungi sawasawa.

Mpiga Soga

Badala ya kuomba mkanda, ungeomba nafasi pale chuo cha sanaa Bagamoyo wanakofundisha sarakasi, maana wenzako wanafanya mazoezi kwa miaka ili wapinde kama unavyopinda wewe bila ada.

Nyayo Polepole

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na naomba utani wa Mpiga Soga usichukuliwe kwa uzito, kwa sababu kila unapokipinda kiungo kilicholegea ili kuwafurahisha watu, unazidi kuzinyoosha kano ambazo tayari hazina uwezo wa kukishikilia.

Bega ndilo kiungo kikubwa kinachochomoka kuliko vyote mwilini, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kikombe chake ni kifupi, mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Kazi kubwa ya kulishikilia inafanywa na kano na misuli midogo inayolizunguka. Kano zikiwa dhaifu kwa kuzaliwa, inabakia misuli, na misuli inafundishika. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kifunge kwenye nondo ya dirisha kwa kimo cha kiuno, bana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, kisha vuta tyubu kwa kuuzungusha mkono nje na kuurudisha polepole. Fanya kidogo kila siku, usivute mpaka kwenye maumivu, na ni vyema mtaalamu akuone kwanza.

Usiku lala chali ukiweka mto chini ya mkono, au lalia upande mzima huku umekumbatia mto ili mkono mbovu usivuke kifua. Teremsha kamba ya nguo mpaka usawa wa kifua. Deki ipigwe kwa mti mrefu, ukisogea kwa miguu badala ya kuurefusha mkono. Mpini wa mwiko uzungushie kitambaa uwe mnene, kwani dole gumba huteseka zaidi linapobana kitu chembamba, na ugali wa watu wengi usonge kwa mafungu mawili. Siku bega likikataa kurudi, au ukihisi ganzi upande wa nje wa bega, au vidole vikiwa baridi, nenda hospitali mara moja, wala usimruhusu mtu yeyote akuvute kwa nguvu.

Nimalizie kwa swali. Mtu mwenye maumivu kwa kawaida hajali mkanda wake ukionekana, tena wengi hufurahi wakipishwa kiti. Wako usionekane na nani, na mwisho wa mwezi kuna nini?

Kanga Mbili

Ahsante sana kwa maelezo, hasa ya tyubu. Hilo la mkanda ni mambo ya kazi tu. Mama Kijukuu, shikamoo, maji ya baridi nilishayaacha.

Bahari Shwari

Kazi gani, dada? Nimefanya kazi za ndani Uarabuni, na maneno ya "mwisho wa mwezi" nikichanganya na "kisionekane" yananipa harufu ninayoifahamu.

Kanga Mbili

Basi niseme. Nimepata kazi ya nyumbani Muscat, mkataba wa miaka miwili, na tiketi ni ya mwisho wa mwezi. Vipimo nimeshapita. Walinipiga picha ya kifua, wakanipima damu na mimba, na hakuna aliyeniuliza habari za viungo, kwa hiyo sikuona sababu ya kujitangaza. Kazi yenyewe si ya kufagia jumba zima kama mnavyodhani, bali ni kumhudumia bibi mzee asiyeweza kuinuka kitandani: kumgeuza, kumwogesha na kumhamishia kwenye kiti. Mwili wake ni mwepesi, wakala amenihakikishia. Pesa ya pasipoti na nauli za kwenda Dar nimeikopa kikoba, na wanachama wenzangu wanajua ninaondoka. Nisipokwenda nitawaambia nini? Hapa nyumbani nimeishi na bega hili miaka yote na bado ninateka maji, basi sioni huko kuna ugumu gani ambao hapa haupo.

Mzee wa Chumbageni

Binti yangu, umeuliza kuhusu mto na mwiko huku umemficha mgonjwa wa watu. Siku bega litakapotoka ukiwa umemnyanyua ajuza huyo baina ya kitanda na kiti, nani atamdaka? Zamani mtu aliyekwenda kwa watu kufanya kazi alieleza kilema chake mlangoni, na mwenye nyumba akampangia inayomfaa.

Bahari Shwari

Mzee wangu, shikamoo, lakini zamani hiyo haikuwa na mfumo wa kafala, ambao unamfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja aliyemdhamini. Mimi nilikuwa na mgongo tu, wala si bega, na nilipoomba kupumzika niliambiwa kwamba waliolipa gharama zangu hawakulipia mgonjwa. Nililala na maumivu yangu chumba kimoja na mashine ya kufulia. Wako waliopata waajiri wema, sikatai, na shoga yangu mmoja alitibiwa meno yote kwa gharama ya mama mwenye nyumba. Ila dada, ugumu ambao hapa haupo ni huu: hapa bega likichomoka unakaa chini na jirani anamalizia kuteka maji.

Hakiki Kwanza

Naomba nisimame peke yangu. Bega langu lilitoka mara moja uwanjani, nikazimia, na hospitali walinichoma sindano ya usingizi ndipo wakalirudisha. Huyu analirudisha mwenyewe kisha anaendelea na nguo zake kambani! Mara goti, mara dole gumba, mara ganzi ya meno, mara Muscat na bibi mgonjwa. Hadithi imepikwa ikaungwa nazi, na chakula kikiwa tayari mtaona namba ya simu ya kutumiwa mchango kwa ajili ya deni la kikoba.

Mpiga Soga

Nami nilishaanza kutafuta salio.

Kanga Mbili

Sijaomba hata shilingi ya mtu, na sitaomba. Kama ningetaka kutunga, ningetunga ugonjwa ambao watu wanauamini.

Nyayo Polepole

Ndugu Hakiki, uzoefu wako ni wa kweli lakini ni wa bega la aina nyingine. Bega imara likitolewa kwa kishindo, misuli hukakamaa na maumivu huwa makali, ndiyo maana ulihitaji dawa. Bega lililolegea tangu kuzaliwa hutoka kwa urahisi na mara nyingi hurudi kwa urahisi, jambo ambalo huwafanya hata baadhi ya watabibu kudhani mgonjwa anazidisha chumvi.

Kilichonifanya nimwamini ni jambo alilolitaja kabla mtu yeyote hajamuuliza, yaani ganzi isiyoshika. Linasimuliwa sana na watu wenye ugonjwa wa Ehlers-Danlos, ambao umepewa majina ya Edvard Ehlers wa Denmark na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa, madaktari walioueleza mwaka 1901 na 1908. Ni tatizo la kurithi la nyuzi zinazounganisha mwili, kolajeni ikiwa ya kwanza, na mpangilio wa kimataifa wa mwaka 2017 unautambua katika aina 13. Aina ya viungo kulegea haijapatikana kipimo chake cha vinasaba, kwa hiyo daktari huitambua kwa historia na kwa kukupima mwilini, ikiwemo alama 9 za Beighton: kidole kidogo kikipinda nyuma kupita nyuzi 90, dole gumba likigusa kigasha, kiwiko na goti vikipinda kinyume, kila upande alama yake, kisha viganja vikilala sakafuni magoti yakiwa yamenyooka. Simwambii dada kwamba anao. Ninamwambia picha ya mifupa pekee haiwezi kuukanusha, na kwamba daktari akiuhisi ataangalia na moyo pia, kwa sababu mishipa nayo imejengwa kwa nyuzi hizo.

Hakiki Kwanza

Dole gumba langu la kushoto limegusa kigasha. Je, nami nianze safari ya hospitali?

Nyayo Polepole

Bila maumivu na bila kuchomoka hovyo huna ugonjwa, una dole gumba jepesi.

Dada Kanga Mbili, ukiweza kufika kitengo cha mifupa cha hospitali ya KCMC, Moshi, au taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, omba barua inayoeleza unachoweza na usichoweza kuinua. Mkanda upo, na huvaliwa chini ya dera bila kuonekana, lakini unakukumbusha tu usiunyanyue mkono, haubebi uzito wa mtu mzima. Kumhamisha mgonjwa peke yako, awe mwepesi namna gani, sikushauri.

Fundi wa Pongwe

Na hilo la kikoba lisikutishe sana. Kaa na mwenyekiti mapema muongeze muda wa marejesho, kabla hawajasikia kwa wengine. Sisi huku tunafanya hivyo kila msimu mbao zikipanda bei.

Kanga Mbili

Nimezungumza na wakala. Anasema ipo nyumba nyingine, Sohar, ya mama na watoto wa shule, isiyo na mgonjwa, ila mshahara ni mdogo zaidi na safari itasogea mbele. Sijamjibu. Sijasema siendi, na naomba msiniandikie kana kwamba nimeshasema. Nitakwenda Moshi kwa basi la asubuhi, dirisha la kulia, ili bega lisigongwe na wanaopita katikati, nami barua nitaichukua. Ikisema nisiinue mtu, nitampelekea wakala jinsi ilivyo. Akikataa kuipokea, nitarudi kwa Fundi anieleze huyo mwenyekiti anaanzwaje, maana wetu ni wifi yangu.