Tupeane uzoefu: unasomaje riwaya ya mji ambao unajua vita vinakuja?

Mleta mada (Dar)
Wakuu, habari za Jumapili. Kikundi chetu cha kusoma tumemaliza Petit Pays ya Gaël Faye, ile iliyotoka 2016. Mji ni Bujumbura, Burundi. Msimulizi, Gabriel, ana miaka kumi, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda mkimbizi. Wanakaa Kinanira, mtaa wa wenye nazo, na yeye na wenzake wamegeuza kombi bovu la Volkswagen kuwa kijiwe chao. Kurasa nyingi ni maembe ya wizi, baiskeli na ugomvi wa wazazi. Vita bado.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Wanaojua historia waliingia kitabuni na tarehe kichwani: Juni 1993 Melchior Ndadaye anashinda uchaguzi, anakuwa rais wa kwanza Mhutu wa Burundi, 21 Oktoba anauawa. Dada mmoja hata sherehe ya kuzaliwa, ile ya nyama ya mamba, haikumpa raha, alikuwa anahesabu miezi iliyobaki. Mwingine hajui lolote kuhusu Burundi, akacheka na watoto weee, mpaka siku redio inapiga muziki mtupu, akabaki ameduwaa. Mimi namwonea wivu huyo wa pili. Nyie mlisomaje? Hata kama ni kitabu kingine, leteni.

Wa Buyenzi, sasa Kigoma
Mimi sikuhitaji tarehe, nilikuwepo. Kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, Kiswahili tupu, na Kinanira nilikuwa nakwenda na mama kwa sababu alikuwa anafua kwa familia moja kule. Nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikiwatazama watoto wa mle ndani wakigombania baiskeli. Kwa hiyo nasoma kitabu hiki kutokea upande wa jikoni, na ndiyo maana macho yangu yalimfuata zaidi Prothé, mpishi wao, kuliko Gabriel. Nilitaka kujua jioni anarudi wapi.

Ila ya redio ni kweli ya watu wa pale. Mle kitabuni inaelezwa kwamba ukisikia muziki wa kale wa Ulaya, wa kina Beethoven, redioni asubuhi, ujue serikali imepinduliwa: 1966 Schubert, 1976 Beethoven mwenyewe, 1987 Chopin. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Sisi mwaka 1993 habari tuliipata Redio Rwanda. Baba aliigeuza sauti ikawa ndogo, akatuambia tuendelee kunywa uji. Mama alikuwa na ndoo ya nguo za watu, zimeshapigwa pasi, na akawa anauliza atazirudishaje. Hilo ndilo ninalolikumbuka, nguo za watu.

Mjukuu wa Mishamo
Shikamoo mkubwa wa Kigoma. Mimi nimezaliwa Mishamo, Katavi, makazi ya wakimbizi wa Burundi, sasa ni Mtanzania kwa karatasi. Nilimsimulia bibi kitabu hiki, nikamwambia ni hadithi ya Bujumbura kabla ya vita. Akauliza, vita vipi? Yeye alikimbia mauaji ya Wahutu ya 1972, mume wake alichukuliwa na hakurudi. Kwake mji ule ulikwisha miaka ishirini kabla Gabriel hajaiba embe.

Sura ya uchaguzi ndiyo iliyonimaliza. Mjomba wangu, baada ya Ndadaye kushinda, aliuza mbuzi na tumbaku yake yote akarudi kwao Burundi, kwamba sasa nchi ni yetu sote. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Kigoma tena, mikono mitupu. Mtu ananiambia sura ile ina furaha. Mimi nilikuwa namwona mjomba anafunga mizigo.

Mwalimu, Nakuru
Kwetu tulikatazana kugusa simu mpaka ukurasa wa mwisho. Wawili walidanganya, tuliwajua kwa nyuso zao.

Wa Goma
Jambo zenu. Kikundi chetu hakijakutana tangu Januari 2025, mji ulipochukuliwa na waasi wa M23. Tulikuwa katikati ya riwaya kama hiyo, ya mji mwingine. Sijaimaliza na sina hamu. Siku hizi nasoma za mapenzi, na asinicheke mtu.

Mleta mada (Dar)
Hakuna wa kukucheka, ndugu yangu. Poleni sana.

Wa Buyenzi, umenipa kazi. Nimerudi kumtafuta Prothé na nimekuta nilimpita mbio kila alipotokea, na nadhani kikundi kizima tulifanya hivyo. Jumamosi tunarudia sura za nyumbani kwao tukimfuata yeye peke yake. Mjukuu wa Mishamo, bibi akikubali, tungependa umsomee na sura ya uchaguzi utuambie alisemaje.

Mjukuu wa Mishamo
Nitamuuliza, ila Kifaransa hajui na mimi cha kuombea maji tu. Mwenye nakala ya Kiingereza aniazime, nitakuwa namtafsiria huku nasoma. Nipo Mpanda mjini mpaka mwisho wa mwezi.