Tuuze nyumba ya marehemu baba Mkomani, au tuikodishe tujenge mtambo wa barafu Mokowe?

Asalaam alaykum wanajamvi. Nipeni akili zenu, yangu imechoka.

Baba katuachia nyumba ya mawe Mkomani, hapa Lamu, na kiwanja Mokowe upande wa bara. Tuko watatu: mimi, kaka na dada. Nyumba inaliwa na chumvi. Juzi bonge la chokaa limeanguka katikati ya sinia ya wali, bahati watoto walikuwa bado wananawa. Kuna mwekezaji wa kigeni anaitaka aifanye nyumba ya wageni. Kaka anasema tuuze tugawane. Mimi nataka tuchanganye: tumkodishe, kisha pesa hizo zijenge mtambo wa barafu wa sola Mokowe tuwauzie wavuvi. Mwekezaji kapenda, ila badala ya kodi anataka kutupa asilimia ya mapato ya wageni, na paneli zake azifunge paani. Nilivyowaza, nyumba ikilegea barafu itabeba, na barafu ikilegea nyumba itabeba. Nakosea wapi?

FundiChokaa: Tangu leseni ya ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa hapa Lamu ifutwe 2019, kila anayeshuka gatini ana neno "kijani" mdomoni. Haya. Mkataba useme nani anakarabati na kwa kitu gani. Kuta hizo ni matumbawe na chokaa, zinapumua. Zikipigwa saruji unyevu unafungika ndani, na boriti za mikoko zinaoza vichwa pale zilipoingia ukutani, huoni mpaka dari ishuke. Paneli paani sahau kwanza: Mji wa Kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, watu wa makumbusho lazima waulizwe. Zipeleke Mokowe.

Nahodha_Kizingitini: Ndugu yangu, umesahau kusi. Kuanzia Mei hivi mpaka Agosti bahari imechafuka, mashua ndogo zimepandishwa pwani, barafu utamuuzia nani? Na Mei na Juni wageni nao ndio adimu. Miguu yako miwili inalala usingizi mmoja! Asilimia usiikubali. Dai kodi ya mwaka, ilipwe mbele, kusi na kaskazi sawasawa. Jingine: mimi barafu hupewa na tajiri anayenunua samaki wangu, hukata kwenye mauzo. Ukitaka nije kwako taslimu, uniambie kwanza samaki nitamuuzia nani.

Hesabu_Tu: Tani ya barafu, kwa joto letu, hula umeme uniti 55 hadi 85 kutegemea mashine. Paneli za kilowati moja hukupa uniti 4 au 5 kwa siku. Kwa hiyo tani moja kwa siku inataka kilowati 16 hivi, yaani paneli thelathini za wati 550. Betri za usiku zisikumalize: gandisha mchana, uhifadhi kwenye chumba chenye kuta nene, barafu yenyewe ndiyo betri. Lakini tani ya barafu ni lita 1,000 za maji. Kisima cha Mokowe kikoje?

Mwenye uzi: Sijakipima. Chai yake hunyweka, ila mgeni hukunja uso.

Hesabu_Tu: Basi ongeza bei ya mashine ya kuchuja chumvi, na umeme wake.

BiMwana: Mwanangu, mirathi imeshagawanywa kwa kadhi? Kaka yako umetueleza anachotaka, mwekezaji umetueleza mpaka paneli zake. Dada umemhesabu tu. Na huyo mgeni, katiba ya 2010 haimpi ardhi zaidi ya kukodi, na mwisho ni miaka 99. Huo ni mwisho, si lazima. Dalali akiitaja kama bei ya sokoni mrudishe kwenye kumi na tano. Ukodishaji ukizidi miaka miwili, mkataba uandikwe na usajiliwe. Kiwanja kina hati?

Mwenye uzi: Bi, umenishika. Kiwanja kina barua ya mgao tu, hati hakuna. Dada nimempigia jana usiku. Hataki kuuza wala hataki barafu. Anataka chumba cha chini, kile cha upande wa kisima, kisiingie kwenye mkataba wowote. Kaka kanyamaza. Kwa kadhi tunakwenda Jumatatu, na mwekezaji nimemwambia asubiri.